Bahari Isiyokupwa

Jalada la Mlatvia lilikuwa limebakiza saini moja tu lifungwe. Inspekta Jatani alikuwa ameshashika kalamu wakati Konstebo Charity Iha alipobisha mlango na kumwingiza dada wa marehemu.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, pua imebabuka kwa jua. Begi la mgongoni hakulitua mpaka alipoonyeshwa kiti. Jina lake Ilze. Alikuwa ametoka Riga, akapitia Nairobi, akalala Malindi, na huko Malindi akaingizwa chumba cha maiti akamtambua kaka yake, Andris Vitols. Asubuhi hiyo alipanda basi la Garsen.

"Nimeambiwa umeandika kwamba alikufa maji," alisema. Kiingereza chake kilikuwa cha taratibu, neno baada ya neno.

"Sijaandika bado. Nilikuwa karibu kuandika," Jatani alijibu kwa lugha hiyohiyo.

"Basi niambie kabla hujaandika."

Jatani alimweleza bila kupamba. Andris alikuwa mtaalamu wa jiografia. Alifika Kipini mwishoni mwa mwaka uliopita, 1998, kuchunguza vilima vya mchanga vya pwani baada ya mafuriko ya El Niño. Alipanga chumba katika nyumba ya wageni ya mtu aitwaye Chande. Mwanzoni mwa Februari wavuvi waliukuta mwili wake juu ya fungu la mchanga, pale mto Tana unapoingia baharini. Mapafuni mlikuwa na maji ya chumvi. Kisogoni palikuwa na jeraha, na daktari alisema huenda ni gogo, kwa maana mto huleta magogo kila siku.

"Na yule mtu mliyemfunga?"

"Jarso. Mchunga ng'ombe. Tulimkuta na darubini ya kaka yako. Anasema aliiokota chini ya kilima kikubwa cha mchanga. Kilima hicho kiko mbali na fungu, ndiyo maana hatukumwamini. Lakini kuiba darubini si kuua. Atashtakiwa kwa wizi."

Jarso alikuwa Muorma kama Jatani mwenyewe, na Kipini nzima ilikuwa ikingoja kuona kama inspekta atampendelea. Kwa hiyo Jatani alikuwa amemhoji kwa ukali kuliko ilivyohitajika, siku baada ya siku, na hadithi ya Jarso haikubadilika hata neno.

"Nina swali moja la kujaza jalada," Jatani alisema. "Kaka yako alikuwa mzoefu wa bahari?"

Ilze alitoa ramani begini, akaikunjua juu ya meza. Ilikuwa ramani ya pwani ya kwao, mkoa wa Kurzeme. Alipitisha kidole kutoka kusini kwenda kaskazini kama mtu anayemwonyesha mgeni vyumba vya nyumba yake. Hapa Liepaja, mji uliobanwa kati ya ziwa na bahari, ambako upepo haupumziki. Hapa Pavilosta, mji mdogo wa wavuvi kwenye mlango wa mto. Hapo ndipo walipozaliwa. Juu yake Ventspils, bandari ambayo haigandi wakati wa baridi, meli za mafuta zimejaa. Na huku juu kabisa rasi ya Kolka, ambako bahari na ghuba hukutana na mawimbi hugongana uso kwa uso.

"Pwani hii yote inatazama magharibi," alisema. "Jua linazama baharini. Tulipokuwa watoto, chini ya Wasovieti, askari wa mpakani walikuwa wakiusawazisha mchanga wa ufuoni kwa reki kila jioni, ili mtu akipita aache nyayo. Jua likizama hatukuruhusiwa kukaribia. Andris alikuwa akipanda juu ya kilima cha mchanga nyuma ya nyumba, anaitazama bahari kutoka mbali. Hivyo ndivyo alivyoanza kupenda mchanga."

"Maji yenu hupanda kiasi gani?"

"Yakipanda?"

"Yakijaa na kupwa. Mwezi ukikua."

Ilze aliweka kiganja chake mezani, ubavu chini. "Hivi. Mara nyingi hata hivi hayafiki. Bahari yetu imefungwa kama ziwa. Upepo ndio unaoyasukuma maji, si mwezi. Unaweza kuacha viatu ufuoni asubuhi ukavikuta jioni."

Jatani aliitikia kwa kichwa. Alifungua jalada, akatafuta ukurasa.

"Basi mwenye nyumba alisema kweli. Haya ni maelezo yake, nakutafsiria. 'Mzungu huyu ametoka kwenye bahari isiyokupwa wala kujaa. Alitembea mpaka kwenye fungu maji yakiwa yamekupwa, akakaa na kazi zake. Hakujua kwamba maji yatarudi.'"

Charity, aliyekuwa amesimama kando ya dirisha, alimtazama Jatani, kisha akamtazama mgeni.

"Nani alimwambia?" Ilze aliuliza.

"Alimwambia nini?"

"Kwamba bahari yetu haikupwi. Nairobi nilikutana na watu wanne waliosoma. Wote waliniuliza kama kaka yangu hakuangalia saa za maji. Ilibidi niwaeleze. Watu hudhani bahari zote ni sawa. Huyu bwana amefika kwetu?"

Jatani alirudi nyuma kurasa mbili katika maelezo yaleyale na kusoma kimyakimya. Kisha alimsogezea Charity jalada, kidole kikiwa juu ya mstari.

Charity alisoma kwa sauti, kwa Kiswahili: "'Mimi na yeye salamu tu. Yeye hajui Kiswahili, mimi sijui Kiingereza. Akija, nampa ufunguo, akiondoka, anauacha.'" Alinyanyua macho. "Afande, hii bahari wameizungumza kwa salamu?"

Jatani alifunika kalamu.

*

Gari la polisi liliondoka Garsen na magari mengine matatu kwa msafara, kwa sababu ya majambazi wa barabara ya Witu. Walipofika Witu waliuacha msafara na kukata kulia kuelekea Kipini. Ilze alikaa nyuma na Charity.

Nyumba ya wageni ya Chande ilikuwa ya makuti mapya, na uani palikuwa na mashine ya boti imelazwa juu ya gunia. Chande mwenyewe alitoka kuwapokea. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushei, kanzu safi, ndevu zimechongwa vizuri. Alimpa Ilze mkono wa pole kwa heshima, akaagiza chai.

"Poleni sana, afande. Na huyu mama, mwambie msiba umetufika sote. Mimi lugha yake siijui."

Jatani alikuwa amekwisha kumweleza Ilze la kufanya. Ilze alimgeukia Chande, akamuuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ileile ya taratibu, kaka yake alikuwa akilala chumba kipi.

Chande alielekeza kwa kidevu mlango wa mwisho. Kisha akaganda.

"Naona umemwelewa," Jatani alisema.

"Neno moja moja, afande. Nalifanya kazi ya hoteli Malindi, zamani hizo. Maneno ya chumba na chai hayo nayajua."

"Na maneno ya bahari?"

"Bahari gani?"

"Ya kwao. Uliandikisha kwamba haikupwi wala haijai. Umelipata wapi jambo hilo?"

"Mambo hayo yanajulikana, bwana."

"Mimi nimesoma jiografia mpaka kidato cha sita, sikulijua mpaka leo asubuhi."

Chande aliiweka birika chini. Chai alikuwa amemimina kikombe kimoja tu. "Labda nalisikia kwake. Siku moja alikaa hapa ukumbini. Mvua ilikuwa ikinyesha, hana pa kwenda. Alisema sema."

"Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiingereza."

"Kwa hiyo si salamu tu."

"Mara moja, afande. Mtu akikaa kwako atakosa kusema nawe?"

"Hapana. Alikwambia nini kingine?"

"Mambo ya mji wao. Baridi. Maji kuganda mpaka watu wanatembea juu yake. Mchanga." Hapo alisita, akachukua kikombe. "Upuuzi wa wasomi. Sikushika."

"Mchanga umefanya nini?"

"Nimesema sikushika."

Jatani alimshukuru kwa chai ambayo hakuinywa. Alimwomba Charity abaki na mwenyeji na kumwandikisha upya maelezo, kuanzia siku mgeni alipofika, bila haraka. Yeye na Ilze walitoka kwa mlango wa nyuma, pamoja na askari wawili wa kituo cha Kipini wenye majembe.

*

Kilima kikubwa kilikuwa mwendo mfupi kutoka mjini, ukifuata ufuo. Upande wa bahari ulipanda kwa mteremko mpole. Upande wa bara ulikatika ghafla kama ukuta, na miiba ya chini yake ilikuwa imezikwa mpaka shingoni. Ilze alivua viatu. Alipanda mpaka katikati, akatazama huku na huku, kisha akashuka tena na kusimama karibu na Jatani.

"Upepo mkubwa wa hapa unatoka wapi?"

"Kusi. Kuanzia Aprili, kutoka baharini. Huu wa sasa ni kaskazi, hauna nguvu hiyo."

"Basi kilima kinatembea kwenda bara. Upepo unachota mchanga huku mgongoni, unaumwaga kule mbele. Kusini mwa kwetu kuna ulimi wa mchanga mrefu kati ya bahari na ziwa. Zamani watu walikata miti, vilima vikaanza kutembea, vikafunika vijiji. Watu walihama. Miaka mingi baadaye vilima vilikuwa vimepita, na makaburi ya kile kijiji yakafumuka upande wa nyuma. Andris alipenda sana kisa hicho. Alikuwa akimsimulia kila mtu aliyekubali kukaa chini."

Jatani alimgeukia.

"Kwamba kilichozikwa na kilima hutokea nyuma yake."

"Ndiyo. Ni suala la muda tu."

Jatani alimuuliza kama kaka yake alikuwa amefanya kazi upande huu. Ilze alionyesha vigingi. Vilikuwa vya mti, vimepakwa rangi nyeupe kichwani, vimepangwa kwa mstari mnyoofu toka ufuoni kupanda juu. Andris alivisimamisha ili kupima jinsi mchanga unavyopungua. Umbali kati ya kigingi na kigingi ulikuwa sawasawa, isipokuwa mahali pamoja. Hapo kigingi hakikuwepo. Mchanga ulikuwa umetifuliwa na kuachwa na bonde dogo ambalo upepo ulikuwa umeanza kulilainisha.

"Yeye asingeruka kigingi," Ilze alisema.

"Jarso alisema aliokota darubini chini ya kilima," Jatani alisema. "Nilimuuliza mara kumi ni wapi hasa. Alisema, penye miti myeupe."

Alitembea kulizunguka lile bonde bila kulikanyaga. Alikuwa akifikiria mtu mwingine kabisa. Kila siku ya soko, tangu mafuriko yapungue, mwanamke mmoja wa Chewele, juu mtoni, aitwaye Fardosa alikuwa akifika kituo cha Garsen kuulizia mumewe. Mumewe alikuwa Abdinur, mwanakamati wa chakula cha msaada. Katika mafuriko ya mwaka 1997, barabara zote zikiwa zimekatika, Abdinur aliteremka mtoni kuifuata boti iliyobeba mahindi ya msaada, akapotea. Waliandika kwamba mto ulimchukua. Mto ulikuwa umechukua watu wengi na hakuna aliyeuliza zaidi. Boti ile iliendeshwa na Chande.

"Chimbeni hapa," aliwaambia askari. "Polepole. Mkigusa chochote, simameni."

Hawakuchimba sana. Jembe lilinasa kitambaa. Askari mmoja alipiga magoti akapangusa kwa mkono, kisha akaondoka pale na kwenda kutema mate mbali. Lilikuwa koti la kijivu, na ndani ya mkono wa koti mlikuwa na mfupa.

Jatani aliamuru turubai litandikwe na eneo lizungushiwe kamba. Alimtuma askari mmoja akapige redio, daktari aje kutoka Malindi na mpiga picha wa polisi pamoja naye. Ilze alikuwa amekaa mchangani, mgongo ameuelekeza shimoni, akitazama bahari. Maji yalikuwa yanakupwa. Fungu la mlangoni mwa mto lilikuwa limeanza kutokeza, dogo na la rangi ya kahawia.

"Ni pale?" aliuliza.

"Ni pale."

"Alijua saa za maji," Ilze alisema. "Watu hawaamini, lakini mtu anayetoka kwenye bahari isiyosogea huogopa sana ile inayosogea. Angeuliza siku ya kwanza."

*

Chande alizungumza kabla jua halijatua, katika chumba cha nyuma cha kituo cha Kipini, Charity akiandika. Mwanzoni alikana. Kisha Jatani alimweleza lililofukuliwa, na koti lilivyo, na Chande akaomba maji.

"Ni yeye aliyenisimulia habari ya makaburi," alisema. "Tena akicheka. Akasema kilima hiki chenu kimepoteza majani kwa mafuriko, kinakimbia. Akasema kusi ijayo mgongo wote huu utakuwa umekwenda. Nikamuuliza, utakuwa umekwenda mpaka wapi? Akanichorea kwa kidole, juu ya meza ya ukumbini."

"Ukaenda kumhamisha Abdinur."

"Nalingoja aende Lamu. Alisema anakwenda Lamu siku mbili. Nikaenda na koleo. Ile miti yake ilikuwa imesimama palepale, nikang'oa mmoja. Mara namsikia nyuma yangu. Boti ya Lamu haikuja, amerudi kupima mchanga wake." Alikunywa maji. "Alidhani namsaidia. Aliinama achungulie nachimba nini."

"Ukampiga kwa koleo."

"Moja tu."

"Na ukampeleka kwenye fungu kwa boti akiwa hai."

Chande aliweka maji chini.

"Alikuwa anahema," alisema. "Nalijua bahari itamaliza. Kule kilimani sikuthubutu kurudi tena."

"Abdinur je?"

"Abdinur alinikuta nashusha magunia Kau, hapo juu kidogo ya Kipini. Yale mahindi yalikuwa ya watu wa juu, yeye ndiye mwenye kamati. Nikamwambia tugawane. Akasema atanisimamisha barazani mbele ya watu. Watu walikuwa wanakula mizizi ya mayungiyungi, afande, wangeniua."

"Wewe ukawahi," Charity alisema, bila kunyanyua kichwa.

Jatani alimpa karatasi asome na kutia saini. Chande alitia saini. Aliuliza tu kama mashine yake ya boti inaweza kuingizwa ndani, chumvi isije ikaila.

*

Fardosa aliletwa Garsen siku iliyofuata. Alikuwa kijana kuliko Jatani alivyomkumbuka. Siku zote alimwona amekaa kwenye benchi, hajapata kumtazama vizuri. Koti lilikuwa limetandazwa mezani. Aligeuza mfuko wa ndani nje. Ulikuwa umetiwa kiraka kwa uzi mwekundu.

"Hii mimi nashona," alisema kwa Kiswahili chake cha soko. "Uzi nyeusi ilikuwa imekwisha."

Kisha aliurudisha mfuko ndani, akalikunja koti, na kuliweka magotini.

Jatani alimsimulia yote, na Ilze akiwa amekaa upande wa pili wa meza. Alipofika kwenye habari ya Andris na kisa chake cha makaburi, Fardosa alimkatiza.

"Huyu ni dada yake?"

"Ni dada yake."

Fardosa alimgeukia Ilze. "Mwambie pole. Mwambie ndugu yake ametoa mume yangu kwa mchanga."

Jatani alitafsiri. Ilze aliinamisha kichwa kwa shukrani.

"Kuna neno lingine, mama," Jatani alisema. "Jamaa wa mumeo wameshapelekewa habari. Shemeji yako yuko njiani, anakuja kuchukua mwili."

"Najua. Anakuja kuchukua na mimi."

Charity aliyekuwa mlangoni aliingia, akafunga mlango nyuma yake.

"Mwaka hii yote wananiambia, Abdinur amekufa, olewa na ndugu yake, ni desturi," Fardosa alisema. "Mimi nasema, nani ameona? Nyinyi hamjaona. Nakuja hapa, nakaa benchi, narudi, nawaambia polisi bado wanatafuta. Hapo wananyamaza. Sasa nyinyi mmeona."

Jatani alikuwa amezoea watu wanaoshukuru na watu wanaolia. Huyu hakuwa akifanya lolote kati ya hayo mawili. "Hatuna namna ya kulificha, mama."

"Sisemi ficha. Nataka azikwe, asomewe. Hiyo nataka."

Nje gari lilisimama, milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine, sauti za wanaume zikawa zinasalimiana na askari wa zamu. Ilze alimuuliza Jatani kwa sauti ya chini kuna nini. Jatani alimweleza kwa maneno machache. Ilze alivuta kiti chake kutoka upande wa pili wa meza, akakiweka sambamba na cha Fardosa, akakaa.

Fardosa alivuta shungi lake mbele, akalishika koti vizuri.

"Fungua mlango," alimwambia Charity. "Nitamwambia mwenyewe sitaki."